Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuvuka Magharibi ya China kwa Basi na Treni Ukiwa na Familia

Kama mnapanga kutoka Lanzhou hadi Kashgar kwa nchi kavu, na nyuma yenu kuna watoto na pengine mzee mmoja, someni hapa kabla hamjalipia chochote. Sisi tulikuwa watano: mimi, baba watoto, binti wa miaka tisa, mdogo wake wa miaka minne, na mama mkwe aliyetoka Tanga kuja kututembelea akaapa harudi bila kuiona "hiyo China ya jangwani". Tulifika. Lakini yako mambo ambayo laiti mtu angetuambia mapema.

Pasipoti zikae shingoni au kiunoni, kamwe zisiingie kwenye sanduku linalokwenda chini ya basi. Utaombwa stesheni, hotelini, na huko Xinjiang, eneo la magharibi kabisa ilipo Kashgar, hata barabarani kwenye vizuizi vya ukaguzi. Tikiti ya treni hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, kwa hiyo hakikisheni herufi zinalingana moja kwa moja. Mageti ya kujifungua yenyewe yametengenezwa kwa ajili ya vitambulisho vya Wachina. Msihangaike kubandika pasipoti pale huku foleni inawaguna. Nendeni moja kwa moja kwenye mlango wenye mtumishi.

Tikiti hufunguliwa takriban siku 15 kabla ya safari. Wiki ya kwanza ya Oktoba na kipindi cha Mwaka Mpya wa Kichina, kaeni nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka sita akisafiri na mtu mzima halipi, ila hapewi kiti wala kitanda chake. Wa miaka sita hadi kumi na nne ana tikiti ya mtoto. Vitanda vya daraja la kawaida vimepangwa sita sita, chini, kati na juu, na chumba hakina mlango. Cha juu kabisa kiko karibu na dari, mtu mzima hawezi hata kukaa wima. Mzee apewe cha chini, na msikubali mkatiaji tikiti akuambieni "vyote sawa". Kuna daraja la vitanda vinne lenye mlango, ni ghali zaidi, na kama mna uwezo lipeni tu.

Soma jina la stesheni mpaka herufi ya mwisho. Lanzhou na Lanzhou Xi ni stesheni mbili tofauti. *Xi* ni magharibi, *bei* kaskazini, *nan* kusini, *dong* mashariki. Turpan ndiyo hatari zaidi: Turpan Bei ya treni za kasi iko karibu na mji, lakini stesheni ya zamani inayoitwa Turpan tu iko Daheyan, kilomita kama 50 kutoka huko unakodhani umefika. Mkishuka pale usiku na watoto wamelala, mtajijua.

Chakula hakisumbui. Kila behewa lina birika la maji ya moto, basi bebeni chupa ya chai, vikombe na tambi za kuloweka. Waislamu watafuteni maandishi ya *qingzhen*, yaani halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Lanzhou na Xining zimejaa migahawa ya Wahui, Waislamu wanaosema Kichina, na kule Xinjiang utakutana na polo, wali wa karoti na nyama ya kondoo. Mama mkwe alionja kijiko kimoja akasema, "Huu si pilau uliosahau bizari?" Akala sahani mbili. Tishu mbebe wenyewe, vyoo havina. Kisu cha matunda kitachukuliwa kwenye ukaguzi, kiacheni.

Fedha: unganisheni kadi yenu na Alipay au WeChat mkiwa bado mahali penye mtandao mzuri, na mkunje yuani taslimu kidogo kwenye soksi. WhatsApp na Google hazifunguki kwa laini ya kawaida ya huko. Pakueni ramani na tafsiri kabla, na muwaambie wa nyumbani wasianze kupiga kelele msipopatikana siku mbili.

Nguo: Turpan iko kwenye bonde linaloshuka chini ya usawa wa bahari na kiangazi hupita nyuzi 40, wakati treni ya kasi kutoka Xining kwenda Zhangye inapenya milima ya Qilian kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,600. Bebeni sweta hata kama mnatoka jasho. Na Tibet msiichomeke tu katikati ya safari, mgeni haingii bila kibali maalumu na wakala wa utalii.

Sasa kaeni vizuri, maana hili la saa ndilo lililotuumiza.

China nzima, tangu 1949, inatumia saa moja: ya Beijing. Nchi ni pana kiasi cha kustahili kanda tano za saa, lakini saa ni hiyo hiyo mashariki na magharibi. Kashgar iko mbali mno magharibi, hivyo mwishoni mwa Oktoba, tulipokuwa huko, jua lilikuwa linachomoza saa tatu na ushei asubuhi. Watu wa huko wakajitengenezea dawa: wengi, hasa Wauyghur, Waislamu wenyeji wa Xinjiang, katika mambo yao wenyewe hutumia saa ya Xinjiang, iliyo nyuma ya Beijing kwa saa mbili. Haijaandikwa mlangoni. Unatakiwa ujue.

Sisi Waswahili hapo tuna mtihani wa ziada, kwa sababu saa yetu inahesabiwa kwa jua. Mtu akisema saa mbili asubuhi, kichwani mwako kuna mwanga, chai imeshanywewa, watoto wako shule. Tulielewana na dereva wa basi dogo atupeleke Yarkand. Akaandika kwenye karatasi: 8. Tukafurahi, saa mbili asubuhi. Saa moja na dakika arobaini kwa simu zetu tulikuwa barabarani na mabegi, giza totoro, baridi inakata masikio. Mama mkwe amejifunga khanga mbili juu ya koti. Akauliza, "Hii mnayoiita asubuhi iko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Dereva alitokea saa nne, anatabasamu, amewahi kabisa kwa saa yake, akatushangaa tulivyoganda. Binti alikuwa ameshaanza kukohoa.

Mngedhani tulijifunza. Tulijifunza vibaya, na hiyo ni mbaya kuliko kutojua. Jioni ile baba watoto akatangaza kwamba kuanzia sasa familia inaishi kwa saa ya wenyeji. Akaingia kwenye simu yake, akachagua saa ya Urumqi, na kweli simu ikarudi nyuma saa mbili. Yangu akaibadilisha pia. Akajisikia mwanaume aliyeishinda serikali.

Siku mbili baadaye tulikuwa na treni ya kutoka Kashgar kwenda Urumqi, zaidi ya kilomita 1,400, vitanda vitatu vya chini nilivyovihangaikia wiki nzima. Inaondoka 13:15. Simu ikasema saa nne na nusu, tukanywa chai. Ikasema saa tano, mtoto akaomba mkate wa tanuri, tukaenda kununua. Tulifika stesheni saa sita kamili kwa simu zetu, tumetulia, tuna zaidi ya saa nzima mkononi. Mtumishi wa mlangoni akaangalia tikiti, akaniangalia mimi, akaonyesha kidole kwenye ubao mkubwa wa saa ukutani. 14:00. Treni ilikuwa imeondoka dakika arobaini na tano zilizopita.

Treni haijui saa ya wenyeji. Treni, ndege, benki na ofisi zote ni Beijing.

Dirishani walitubadilishia tikiti kwa treni nyingine ya siku ile ile, na hapo tulibahatika, lakini vitanda vilikuwa vimekwisha. Tukapata viti vigumu, vile vya mgongo ulionyooka kama ubao wa shule, taa zinawaka usiku kucha. Mama mkwe, mwanamke wa miaka sitini na nane, alikaa hivyo mpaka miguu ikavimba akashindwa kuvaa viatu. Hakumlaumu mwanawe hata kwa neno moja. Alimwangalia tu, kila baada ya muda, na ule ndio uliokuwa mzigo mzito kuliko mabegi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Simu zote zibaki kwenye saa ya Beijing, mwanzo hadi mwisho, na asiwepo fundi wa kuzichezea. Mtu binafsi akikutajia saa, muulize hapo hapo: *Beijing shijian* (saa ya Beijing), au *Xinjiang shijian* (saa ya Xinjiang)? Akijibu, andika kwenye karatasi kwa tarakimu za saa 24 na neno Beijing pembeni, umwonyeshe aitikie kwa kichwa. Baina yenu wenyewe acheni kabisa kusema "saa mbili". Semeni nane kamili ya Beijing, hata kama ulimi unakataa. Nyumbani Afrika Mashariki wako nyuma ya Beijing kwa saa tano, msije mkachanganya na hilo. Anayeswali aweke ratiba kwa mji alipo: huko Kashgar adhuhuri huingia karibu 15:00 kwa saa ya Beijing. Stesheni mfike saa moja na nusu kabla, kwa sababu ukaguzi wa mizigo huko ni mrefu na lango hufungwa dakika kadhaa kabla treni haijaondoka.

Mengine ni ya kawaida. Dawa za homa na za tumbo zitoke nyumbani. Hotelini pigeni simu kabla kuuliza kama wanapokea pasipoti za kigeni, maana kukataliwa saa tano usiku na mtoto mgongoni ni habari nyingine. Mtoto mdogo aandikiwe namba yenu mfukoni kwa Kichina. Msipige picha askari wala vizuizi. Maji yawepo ya kutosha. Na mkeka mwembamba bebeni, hata kama baba watoto atasema ni wa nini.