Wasumbufu wa tangi la maji chumvi: usiwakatekate, na usiwatupe wakiwa hai

Ukiona kwenye jiwe la tangi lako la samaki wa baharini kitu kama kimnazi kidogo cha kahawia, shina linapitisha mwanga, juu mikono myembamba imechanua, afu ukisogeza kidole kinajivuta shimoni chap, basi huyo ni aiptasia, aina ya anemoni (mnyama laini wa baharini anayefanana na ua), na nakuomba sana usishike kisu. Mi nilimkwangua mmoja kwa wembe, jiwe likawa safi nikafurahi, baada ya wiki kadhaa nikahesabu kumi na moja pale pale, maana kipande kidogo tu cha nyama yake kikibaki kinaota kinakuwa mzima, na wakishajaa wanachoma korali (matumbawe) mpaka zinajikunja na kufa.

Chukua sirinji na chokaa ya akwariamu (kalsiamu hidroksaidi), ikoroge iwe nzito kama uji, zima pampu, msogelee taratibu kabla hajajivuta, umfunike mdomo na shimo lote. Wawili watatu kwa siku wanatosha, ukizidisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inapanda na samaki wanateseka. Kama wamejaa tangi zima tafuta Berghia, yule konokono wa baharini asiye na gamba, yeye chakula chake ni aiptasia tu, na wakiisha anakufa njaa kwa hiyo mpe mapema mwenzako mwenye shida hiyo hiyo. Minyoo yenye vinywele vya miiba kando wala usihangaike nayo sana, mingi inakula mabaki, ikizidi ujue unalisha kupita kiasi, ila ukiitoa tumia kibano, vile vinywele vinabaki kwenye ngozi na vinauma.

Jambo moja la hatari kabisa, USICHEMSHE mawe ili kuua wasumbufu. Zoanthidi na palythoa, viumbe vya jamii ya korali vinavyoota juu ya mawe kama vimaua, wengine wana sumu inaitwa palitoksini, mvuke wake umeshalaza watu hospitali pamoja na familia zao waliokuwa chumba kingine. Ukiwagusa vaa glovu na miwani.

Sasa kuwatupa, na hapa ndo watu wengi tunakosea, tunaona kameshatoka tangini basi kazi imeisha. Usimwage chooni, usimwage mtaroni, na usirudishe baharini hata kama unaamini ndiko kalikotoka. Mwani wa Caulerpa taxifolia, huu huu uliokuwa unapamba matangi, ulionekana baharini Monaco mwaka 1984, eneo la kama mita moja ya mraba tu, ukaenea pwani za Mediterania na mpaka leo haujaisha. California waliukuta mwaka 2000, wakaufunika kwa maturubai na kumwaga klorini chini yake, kazi ikaisha 2006 na dola zaidi ya milioni 7 zimeenda. Na mwani wenyewe kipande kidogo tu kinatosha kuanza upya.

Kwa hiyo ua kwanza ndo utupe. Mwani, anemoni, konokono, weka kwenye mfuko, funga, tia friza siku nzima au mbili, zikishaganda kabisa funga mfuko wa pili zende na taka za kawaida, kwenye mboji hapana. Jiwe lililoshindikana liloweke kwenye ndoo, dawa ya klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9, liache mpaka kesho. Ila kama ni lenye palythoa vaa glovu na miwani wakati wote na usilisugue. Na kama ulikuwa unatumia siki au ndimu kusafishia, osha kila kitu kabla hujagusa klorini, zikikutana zinatoa gesi inayoua mapafu.

Maji ya tangi nayo yanabeba mayai na vijidudu, yatie klorini vile vile, yakae siku nzima, ndo umwage kwenye sinki la ndani, sio mfereji wa mvua unaoishia baharini. Hata yale maji ya mfuko uliokuja na korali mpya usiyamimine tangini, yanaenda ndoo hiyo hiyo.