Kuirudishia pua harufu baada ya mafua makali

Mimi ni muuguzi hapa hospitali ya Bombo, Tanga. Aliyepoteza harufu baada ya mafua au korona, kabla sijampa mazoezi, humweleza kinachoendelea ndani ya pua. Asiyejua hukata tamaa wiki ya tatu.

Juu kabisa puani kuna utando mdogo wa neva za kunusa. Neva hizi, zikifa, huzaliwa upya. Chini ya utando zimelala seli za akiba, na jeni iitwayo TP63 ndiyo inayozituliza. Utando ukiumia, jeni hiyo hulegea, seli zikaamka na kugawanyika. Jeni nyingine, ASCL1, huzielekeza kuwa neva. Kila neva changa huwasha jeni moja tu ya kipokezi, yaani kinasa harufu, kati ya takriban 400 za binadamu, kisha hutuma uzi wake mpaka kwenye ubongo. Mengi ya haya yameonekana kwa panya. Kazi hiyo huchukua miezi.

1. Andaa chupa nne zenye vifuniko. Thomas Hummel na wenzake, Ujerumani, walitumia waridi, limau, mkaratusi na karafuu mwaka 2009. Vyote tunavyo: marashi ya waridi kwenye pamba, ganda la limau, majani ya mkaratusi yaliyopondwa. Karafuu ijaribu kwanza: bonyeza kwa ukucha, mafuta yakitoka ni nzuri. Ikiwa kavu kama kijiti, irudishe dukani. Ponda, ufunike.

2. Nusa asubuhi na usiku. Kila chupa sekunde 10, kwa pumzi fupi fupi za taratibu, huku ukiikumbuka harufu yenyewe: pilau ya Idi, kwa mfano. Usitie mafuta puani.

3. Andika kwenye daftari nguvu ya kila harufu, sifuri hadi kumi.

4. Endelea wiki 12 au zaidi. Wakati huo, mwenzako ndiye aonje maziwa na kuangalia gesi. Harufu ikipotea baada ya kugonga kichwa, au pua moja ikiziba na kutoa damu, nenda kwa daktari wa pua.

Mama mmoja alirudi wiki ya tisa analia: "Mwanangu, kahawa inanuka mpira unaoungua!" Nilimshika mkono kwa furaha. Miezi miwili nyuma kahawa haikuwa na harufu yoyote kwake. Nilimwambia anywe chai kwa sasa, chupa zake asiziache.