Mti wa ukoo uwe wa mhusika
Mwalimu, ukisoma na darasa riwaya ya kijana aliyeasiliwa, achana na lile zoezi la "chora mti wa ukoo wako". Huenda yumo asiyemjua aliyemzaa, au anamjua na hataki kusema. Waambie wachore wa mhusika: waliomzaa, waliomlea, na pale kitabu kinaponyamaza waache kisanduku kitupu. Mjadala hunoga hapohapo kwenye visanduku vitupu. Chunga na ulimi: ukisema "wazazi halisi", waliomlea ni wa bandia? Mimi husema "waliomzaa" na "wazazi wake", basi. Na kama unajua fulani ameasiliwa, usimgeukie na "wewe unaonaje?" mbele ya wenzake. Akitaka, atanyoosha mkono mwenyewe.