Kuunganisha na Kuwasha Seva ya Nakala Rudufu Jijini Mbeya

Seva ya nakala rudufu hutegemewa siku ambayo nyingine zote zimezimika, na kwa sababu hiyo njia yake ya umeme haifai kuwa ile ile inayotumiwa na seva inazozitunzia data.

Ikiwa boksi limesafirishwa usiku katika baridi ya Juni au Julai, usilifungue papo hapo, kwani chuma kilichopoa kikiingizwa kwenye chumba chenye joto hutoka jasho. Liache limefungwa kwa saa kadhaa. Kisha chomoa diski, andika namba ya nafasi ya kila moja, na seva muinyanyue watu wawili na kuifunga sehemu ya chini ya raki, yaani fremu ya chuma inayobeba seva. Waya wa ethi wa raki, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, utangulie kebo nyingine zote. Anayejua radi za masika huku nyanda za juu hatauliza kwa nini. Kebo ya mtandao inayotoka jengo jingine iwe ya faiba, maana ya shaba inaweza kuleta mshtuko wa radi hadi kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo za mtandao.

Sasa umeme. Seva ya aina hii huwa na pawa saplai mbili: moja ichomekwe kwenye soketi za UPS ya kwanza (kifaa chenye betri kinachoshika mzigo umeme ukikatika), ya pili kwenye UPS nyingine yenye breka yake. Niliwahi kuikuta seva ambayo kebo zake zote mbili, zimefungwa vizuri kwa vibanio, zilikuwa zimeingia kwenye ubao mmoja wa soketi. Breka ilipokatika usiku wa mvua, seva kuu na nakala zake vilizimika pamoja. Vilevile usigawe mzigo nusu kwa nusu katika hesabu zako: seva inayokula wati 460 kwenye volti 230 huvuta ampea 2, na kila UPS lazima iweze kuibeba yote peke yake, juu ya mzigo ilio nao.

Kebo mbili za mtandao ziende kwenye swichi mbili tofauti, na ya usimamizi, ile ya kuiongoza seva ukiwa mbali, iwe na mtandao wake.

Rudisha diski katika nafasi zake, bonyeza kitufe, na usishtuke feni zikivuma kwa nguvu mwanzoni. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na hupoza kwa uhafifu. Seva iliyoruhusiwa kufanya kazi katika joto la hadi nyuzi 35 kwa kawaida hupunguziwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 kuanzia takriban mita 900, kwa hiyo hapa ukomo wake ni kama nyuzi 32.

Usianze kunakili bado. Chomoa kebo ya umeme ya kwanza: seva iendelee kufanya kazi na itoe tahadhari. Irudishe, subiri taa yake iwe ya kijani, ndipo uchomoe ya pili. Hatimaye kata umeme unaoingia kwenye UPS zote mbili, upime kwa saa muda unaopita hadi jenereta ishike mzigo, na uhakikishe kwamba betri zikikaribia kuisha seva hupokea amri ya kujizima kwa utaratibu. Nakala ya kwanza ikikamilika, rejesha faili moja kutoka humo, ulifungue na kulisoma.