Kuchora mwenendo wa manunuzi ya kila mteja kwa PostgreSQL na Grafana

Jumla ya mauzo ya duka inaweza kupanda huku wateja wakubwa wawili watatu wakiondoka kimyakimya. Grafu ya mteja mmojammoja ndiyo inayowafichua. Data tutaisoma kutoka PostgreSQL (hifadhidata) na kuichora kwa Grafana (programu ya kuchora grafu). Mfano wetu ni duka la jumla la vyakula Dar es Salaam lenye majedwali mawili: wateja (id, jina) na mauzo (id, mteja_id, tarehe, kiasi, hali). Safu ya tarehe ni ya aina timestamptz (tarehe na saa, inayozingatia saa za eneo).

Hatua ya 1: Tengeneza mtumiaji wa kusoma tu

CREATE ROLE msomaji LOGIN PASSWORD 'weka_nywila';
GRANT SELECT ON wateja, mauzo TO msomaji;
ALTER ROLE msomaji SET timezone TO 'Africa/Dar_es_Salaam';

Usiiunganishe Grafana kwa akaunti ya mmiliki wa hifadhidata. Grafana haikagui kwiri (maagizo ya SQL yanayotumwa kwa hifadhidata), hivyo hata DELETE itapita.

Mstari wa tatu usiuruke. Seva nyingi hutumia UTC (saa ya kimataifa), iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Mauzo ya saa saba na nusu usiku (01:30) wa kuamkia Julai 1, kwa UTC, ni Juni 30 saa 22:30, kwa hiyo yatahesabiwa Juni.

Hatua ya 2: Andika kwiri

SELECT m.mwezi AS "time",
  w.jina || ' #' || w.id AS metric,
  COALESCE(SUM(s.kiasi), 0) AS kiasi
FROM generate_series(
  date_trunc('month', now()) - interval '12 months',
  date_trunc('month', now()) - interval '1 month',
  interval '1 month') AS m(mwezi)
CROSS JOIN wateja w
LEFT JOIN mauzo s ON s.mteja_id = w.id
  AND s.tarehe >= m.mwezi
  AND s.tarehe < m.mwezi + interval '1 month'
  AND s.hali = 'imelipwa'
WHERE w.id IN ($mteja)
GROUP BY m.mwezi, w.id, w.jina
ORDER BY 1;

Kazi ya generate_series ni kuleta miezi yote 12, hata ile ambayo mteja hakununua kitu. Bila hiyo, grafu huunganisha Machi na Juni kwa mstari mmoja, na pengo la miezi miwili halionekani, ilhali ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Kosa linalorudiwa sana ni kuhamishia s.hali = 'imelipwa' kwenye WHERE. Mwezi mtupu una NULL (hakuna thamani) mahali hapo, kwa hiyo unatupwa na LEFT JOIN inakosa maana. Ukitaka idadi ya mauzo badala ya shilingi, tumia COUNT(s.id), kwa sababu COUNT(*) itaupa mwezi mtupu 1.

Mwezi unaoendelea tumeuacha makusudi. Ukiuweka, kila tarehe 5 wateja wote wataonekana wameporomoka.

Ijaribu kwiri kwanza kwenye psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL) ukiwa umeingia kama msomaji, ukiweka namba ya mteja mahali pa $mteja, kigeugeu tutakachokitengeneza Hatua ya 3. Lazima upate mistari 12 kamili.

Hatua ya 3: Iweke kwenye Grafana

Ongeza PostgreSQL kama chanzo cha data (poti 5432). Kama Grafana iko ndani ya Docker (mfumo wa kuendesha programu ndani ya makontena), localhost ni kontena lenyewe, siyo mashine yako. Badala yake weka jina la huduma ya hifadhidata.

Kwenye dashibodi, tengeneza kigeugeu (variable) kiitwacho mteja kinachoruhusu kuchagua zaidi ya mmoja:

SELECT jina AS __text, id AS __value FROM wateja ORDER BY jina

Bandika kwiri kwenye paneli na uchague Format: Time series. Paneli ikibaki tupu, angalia muda wa dashibodi kabla ya kugusa kwiri: huenda unaonyesha saa 6 tu zilizopita. Weka mwanzo uwe now-1y/M. Ukiandika now-1y bila /M, mwezi wa kwanza utakatwa.

Anzisha mhimili wima kwenye 0, na usichore zaidi ya mistari sita kwa pamoja. Kwiri ikianza kuchelewa:

CREATE INDEX ON mauzo (mteja_id, tarehe);

Kabla ya kumpigia simu mteja aliyeshuka, angalia kalenda. Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na kwa muuza tende na unga, kulinganisha Machi na Machi iliyopita kunaweza kukupoteza.