Kocha Aondoke au Tajiri Auze? Namna ya Kubishana Hoki Ukiwa Buffalo

Naandika haya Agosti 2025. Msimu umeisha tangu Aprili lakini kijiwe chetu cha Grant Street hakijapoa. Kama umehamia Buffalo, hapa jimbo la New York, Marekani, juzi kutoka Kigoma, Uvira au Bujumbura, ubishi huu utakukuta kabla hujajua basi lipi linakwenda mjini: kocha wa Sabres, timu yetu ya hoki ya barafu, abaki au atupiwe virago? Na tajiri, auze timu au avumiliwe? Mimi ni dereva wa basi la shule, mzaliwa wa Pangani. Kati ya kuwapeleka watoto asubuhi na kuwarudisha mchana nina saa kadhaa, nazo nazimalizia kwa kinyozi wetu, Mkongo wa Uvira tunayemwita Papa. Nimechekwa pale vya kutosha, kwa hiyo chukua haya usije ukachekwa wewe.

Kwanza, macho yako ya soka yatakudanganya. Mara yangu ya kwanza uwanjani nilipata tiketi ya bure kazini, nikakaa juu kabisa karibu na paa. Nikamwona kocha anatoa watu watano kwa mpigo, dakika haijaisha anawatoa na wale walioingia. Nikasema kwa sauti, "Huyu kachanganyikiwa, kibarua chake kinaota nyasi leo leo." Mzee mmoja Mzungu, jezi yake ya bluu imepauka hadi namba haisomeki, akageuka akanitazama kwa huruma. Hoki ya barafu ndivyo inavyochezwa. Mtu anakimbia kwa nguvu zote sekunde 45 hivi, anarudi benchi kuhema, mwenzake anaruka ukuta kuingia. Washambuliaji wamegawanywa mafungu manne ya watu watatu watatu, mabeki jozi tatu, makipa wawili. Kocha anasukuma mafungu hayo usiku kucha.

Ukitaka kumjua kocha, basi, acha kukitazama kile kisahani cheusi wanachokipiga kama mpira, tazama benchi. Mchezo ukisimama, timu ya nyumbani ndiyo yenye haki ya kubadilisha watu mwisho. Maana yake kocha wa Sabres akiwa kwake anamwona kwanza mgeni ameingiza nani, ndipo anachagua wa kumjibu. Ukiona fungu la nne, vijana wa kusukumana, linakutana mara tatu na fungu bora la mgeni, na hapa ni nyumbani, hapo una kesi. Ukiona timu imefungwa na kocha anawarudisha wale wale waliolala, una kesi nyingine. Semea hayo. Ukipiga kelele tu kwamba "tumefungwa tano", Papa atakuuliza kipa alikuwa nani, na ubishi umekwisha.

Jifunze pia kuhesabu pointi. Ushindi ni pointi 2. Ukifungwa ndani ya dakika 60 hupati kitu, ila ukifungwa kwenye muda wa nyongeza au penalti unaondoka na 1. Msimu wa 2024–25 ulikuwa na mechi 82, na timu 16 kati ya 32 zinaingia mtoano. Pointi hiyo moja ya kufungwa kwa heshima imeua watu hapa. Msimu wa 2022–23 Sabres walimaliza na 91, Florida wakapata 92 na kupita. Florida hao hao wakaenda hadi fainali. Ukilitaja hilo kijiweni, mtu atatoka nje kuvuta sigara.

Sasa tarakimu ninazozitumia mimi mtu akisema kocha hana umuhimu, ni mpita njia tu. Msimu wa 2020–21 ulifupishwa na korona ukawa wa mechi 56. Kocha alikuwa Ralph Krueger, ambaye kabla ya kuja hapa alikuwa mwenyekiti wa Southampton, naam, Southampton ile ile ya Victor Wanyama, na wakati mmoja. Krueger aliongoza mechi 28, akapata pointi 16, akatimuliwa Machi katikati ya mkosi wa mechi 18 bila ushindi. Msaidizi wake, Don Granato, akashika mechi 28 zilizobaki. Nusu kwa nusu, kama mtu amekukatia mkate kwa rula. Granato alipata pointi 21, tena bila nahodha Jack Eichel aliyekuwa ameumia shingo, na huku mshambuliaji Taylor Hall akiuzwa Boston njiani. Kikosi kimepungua, pointi zimeongezeka. Kwa hiyo kocha ana uzito.

Lakini usiishie hapo, maana Papa hataishia hapo. Granato huyo alipanda hadi zile 91, msimu uliofuata akashuka hadi 84, Aprili 2024 akafukuzwa. Akarudishwa Lindy Ruff, mtu aliyeifundisha timu hii kuanzia 1997 hadi Februari 2013. Ndiye aliyewaingiza Sabres kwenye mtoano mwaka 2011, mara ya mwisho kabla hajarudishwa. Kurudishwa kwake kulinikumbusha mtu aliyepoteza ufunguo akaenda kuutafuta kwenye suruali aliyoacha kuvaa zamani. Pointi za mwaka wake wa kwanza: 79. Nilimheshimu mzee, na bado namheshimu, ila hizo ni tano pungufu ya mtu aliyefukuzwa.

Hapo ndipo ubishi unapotoka benchi na kupanda ghorofani kwa tajiri, na hapo ndipo wageni wengi wanapotea. Kwetu mwanachama ana kadi, anakwenda mkutano mkuu, anapiga kura, akikasirika anazomea viongozi kwa majina. Huku hakuna kadi ya uanachama wala mkutano. Hakuna hata kushuka daraja. Timu ikishika mkia haiendi popote, tena inapewa nafasi nzuri ya kuchagua kijana bora wa mwaka. Machi 2015 nyumbani hapa Sabres walifungwa na Arizona katika muda wa nyongeza na mashabiki wa Buffalo wakashangilia, kwa sababu kushika mkia kuliwapa tumaini la kumchukua Connor McDavid, kijana bora wa mwaka ule. Mkia waliupata. Bahati nasibu ya kupanga nani achague kwanza ikampeleka McDavid Edmonton, wao wakapata Eichel. Mwambie mtu wa Msimbazi au Jangwani kwamba kuna watu walishangilia bao la kufungwa nyumbani, atakuuliza umekunywa nini.

Tajiri wetu ni Terry Pegula, mtu wa gesi asilia. Alinunua Sabres Februari 2011 kwa dola milioni 189 na akatamka siku ya kwanza kwamba shabaha ni Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, ambalo Buffalo haijalichukua tangu ianzishwe 1970. Mwaka 2014 yeye na mkewe Kim wakanunua Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani, kwa dola bilioni 1.4. Kuanzia msimu wa 2011–12 hadi 2024–25 Sabres hawajaingia mtoano hata mara moja. Misimu 14. Hakuna timu nyingine katika historia ya NHL, ligi kuu ya hoki ya huku, iliyokaa nje muda mrefu hivyo.

Zoezi la lazima, nami humpa kila mgeni: taja makocha wa enzi ya Pegula bila kushika simu. Ruff, Rolston, Nolan, Bylsma, Housley, Krueger, Granato, halafu Ruff tena. Meneja wakuu: Regier, Murray, Botterill, Adams. Ukishawataja wote kwa pumzi moja, ile sentensi ya "kocha aondoke" inaanza kukukwama kooni. Wote waliowatangulia Adams na Ruff wa awamu hii wametoka. Aliyebaki muda wote ni mmoja, tajiri.

Ila usikimbilie kumwita bahili. Kosa hilo nililifanya Desemba 2024, Sabres wakiwa kwenye mechi 13 bila ushindi na tajiri mwenyewe amesafiri hadi Montreal kuzungumza na wachezaji. Nikasema, tajiri ana pesa zote kaziweka Bills, huku anatupa makombo. Papa, mashine mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, akasimama kabisa. "Ndugu yangu, kwanza uliza patroni alilipa nini mwanzo." Na kweli, mwanzoni alimwaga. Kiangazi cha 2011 Christian Ehrhoff alipewa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 40, na mwaka 2014 akalipwa aondoke. Mwaka 2019 Jeff Skinner alipewa miaka 8 kwa milioni 72, na 2024 naye akalipwa aondoke. Hizo si dalili za ubahili. Ni mtu anayenunua samaki bila kumnusa. Mteja alikaa na nusu kichwa dakika kumi nzima.

Mkono ulikuja kufungwa baadaye. Juni 2020 meneja mkuu Jason Botterill alifukuzwa pamoja na wafanyakazi zaidi ya 20 wa idara ya hoki siku moja, wakiwemo wasaka vipaji. Ukitaka kusema juu ya vipaumbele vya tajiri, anzia siku ile, usianzie kwa kocha. Halafu nenda kwenye kikomo cha mishahara. Ligi inaweka dari: msimu wa 2024–25 dari ilikuwa dola milioni 88 kwa kila timu, na sakafu milioni 65. Tovuti ya PuckPedia inaonyesha kila timu imetumia kiasi gani hadi senti. Timu iliyobanwa na dari haina la kufanya. Timu iliyoacha mamilioni mezani, kama Sabres walivyoacha msimu ule, ina swali la kujibu. Na kumbuka mshahara wa kocha hauhesabiwi chini ya dari hiyo. Kocha akifukuzwa huendelea kulipwa mkataba wake, pesa inatoka mfukoni mwa tajiri moja kwa moja. Kwa hiyo ukisikia "hawamfukuzi kwa sababu wanampenda," uliza mkataba wake unaisha lini.

Kipimo changu cha mwisho ni walioondoka. Ryan O'Reilly aliuzwa St. Louis 2018, mwaka uliofuata akanyanyua kombe na kutajwa mchezaji bora wa mtoano. Eichel aligombana na klabu juu ya aina ya upasuaji wa shingo, akapelekwa Vegas, akachukua kombe 2023. Sam Reinhart alikwenda Florida, akachukua 2024 na 2025. Watatu hao walifundishwa hapa na makocha tofauti, wakauzwa na mameneja wawili tofauti. Kijiweni mimi humaliza na hilo, kisha nanyamaza, maana kuna mtu lazima ataleta habari ya minazi.

Minazi ni hii: Desemba ile ile ya 2024 Kevyn Adams, meneja mkuu, alijaribu kueleza kwa nini ni vigumu kuwavuta wachezaji, akasema Buffalo haina minazi, na kodi ipo. Mashabiki wakaja uwanjani na minazi ya plastiki ya kujaza upepo. Papa naye akaupata mmoja, akausimamisha kando ya kioo. Akanigeukia mimi, mtu wa pwani, niseme kama mtaalamu. Nikamwambia Pangani minazi tunayo tele, kombe hatuna.

Bado upo pale. Umeanza kupoteza upepo, umeinama kidogo upande wa mlango, na wateja wapya huuliza ni wa nini.