Kupandisha filamu ya 400 hadi 1600 kwa picha za usiku Bagamoyo

Jua la Bagamoyo huzama upande wa bara, na likishazama giza halichelewi. Saa hiyo ndipo taa za wakaangaji samaki zinapowaka, na ukumbi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha mjini hapa, ukiwa na ngoma ndipo unapochangamka. Ukiwa na filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) na tundu la lenzi umelifungua f/2.8, chini ya balbu hafifu mita ya mwanga itakudai shata ya 1/15 ya sekunde. Mtu anayegeuza samaki kwenye karai hatulii kiasi hicho. Ukiipandisha filamu hadi 1600, shata inafika 1/60, na hapo picha inawezekana.

Kupandisha ni kazi ya sehemu mbili. Kwanza unaiweka kamera ISO 1600 huku ndani mna filamu ya 400, kwa hiyo kila picha inapata robo tu ya mwanga wake. Kisha wakati wa kusafisha unairefushia muda ndani ya developa, yaani dawa inayoitoa picha kwenye filamu. Ila developa haizalishi mwanga ambao haukuingia. Kivuli kilichokosa mwanga kabisa kitabaki kitupu hata ukisafisha saa nzima. Zinazonufaika ni sehemu za kati na zile angavu. Ndiyo maana picha hutoka na weusi mzito, weupe mkali na chembe zinazoonekana. Anayekwambia kwamba filamu ya 400 inageuka 1600 kamili anakupotosha. Hata Delta 3200 ya Ilford, pamoja na jina lake, ISO yake halisi ni 1000.

HP5 Plus ya Ilford na Tri-X ya Kodak zinavumilia vizuri jambo hili. Amua kabla ya picha ya kwanza, kwa sababu rola nzima husafishwa kwa pamoja. Huwezi kupiga nusu 400 na nusu 1600. Kamera zinazosoma ISO zenyewe kwenye mkebe zitarudi 400 bila kukuuliza. Kama yako haina pa kubadilisha kwa mkono, weka fidia ya mwanga −2. Rola ikiisha, andika 1600 kwenye mkebe papo hapo.

Upimaji wa mwanga ndio unaoharibu rola nyingi. Mita hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Ielekeze kwenye jukwaa lenye giza kubwa nyuma, itaongeza mwanga mno na kanzu nyeupe zitaungua. Balbu ikiingia kwenye fremu itafanya kinyume, na nyuso zitapotea. Sogea karibu, pima uso upande unaopigwa na taa, na kwa ngozi nyeusi punguza hatua moja (yaani nusu ya mwanga) kutoka kipimo hicho. Ukiwa na shaka usipunguze kabisa, maana uso uliozama kwenye filamu iliyopandishwa haurudishwi na chochote. Tembea mpaka taa iwe mbele au ubavuni mwa mtu, isiwe mgongoni kwake. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulio nyuma yake uache uzame.

Kwa HP5 Plus iliyopigwa 1600, Ilford wanatoa muda huu katika nyuzi 20 za Selsiasi, kwa developa zao mbili zikiwa nzima bila kuzimuliwa: ID-11 dakika 14, Microphen dakika 11. Ukipiga 800, ni dakika 10 na nusu kwa ID-11 na dakika 8 kwa Microphen. Ukiweza kuchagua chukua Microphen, kwani imetengenezwa kwa ajili ya kuongeza kasi ya filamu.

Shida ya pwani ni joto. Maji ya bomba yanaweza kufika nyuzi 28 au zaidi, na developa ya moto hukimbia na kuacha ukungu kwenye negativi. Jaza beseni maji, tia pakiti za barafu, simamisha humo chupa za developa na fiksa (dawa ya kuidumisha picha) pamoja na jagi la maji ya kusuuzia. Barafu isiingie ndani ya developa, itaizimua. Kwa hali ya hewa yetu nyuzi 24 ni rahisi kushikilia kuliko 20: hapo ID-11 inakuwa kama dakika 9 na nusu, Microphen kama 7 na nusu. Tanki la kusafishia filamu nalo likae kwenye beseni kila usipoligeuza, la sivyo litapata moto katikati ya kazi.

Kuingiza filamu kwenye spirali, kigurudumu kinachoishika ndani ya tanki, kunataka mikono mikavu. Ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga viganja hutoka jasho haraka, na filamu yenye unyevu hukwama kwenye spirali ya plastiki, ukiilazimisha inakunjika. Kausha spirali kabisa, fanya kazi hii alfajiri au chini ya feni.

Tanki la Paterson linahitaji ml 290 kwa rola moja ya 35 mm. Mimina, ligeuze mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, ligonge mezani kutoa mapovu, halafu geuza mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Kutikisa kwa nguvu huunguza weupe zaidi na kuacha michirizi kwenye matundu ya pembeni. Mwaga, suuza, kisha fiksa ya Rapid Fixer 1+4 (sehemu moja ya dawa kwa nne za maji) dakika 3 hadi 5. Kuosha: jaza maji geuza mara 5, badilisha geuza 10, badilisha geuza 20. Maji hayo yakaribiane joto na developa; utando uliolainika ukishtuliwa na maji ya moto unaweza kujikunja. Kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi, suuza ya mwisho iwe ya maji ya chupa.

Negativi ikikauka, tazama kwanza namba zilizochapwa ukingoni na kiwandani. Zikiwa hafifu, developa imechoka, ilikuwa baridi au muda ulikuwa mfupi. Zikiwa nyeusi nzuri lakini picha ni tupu, mwanga haukutosha, na kuongeza dakika rola ijayo hakutasaidia: piga 800, au ifungue lenzi zaidi.